Namna ya Kuonyesha Vizingia vya Bahari kwa Chombo Kinachozunguka: Mwongozo kwa Walimu wa Uganda

Mwalimu anayefundisha mikondo ya bahari mjini Kampala, Gulu au Mbarara hukabiliwa na ugumu wa aina mbili. Wa kwanza unajulikana: bahari iko mbali, na wanafunzi wengi humaliza shule bila kuiona. Wa pili hautajwi sana, ingawa ndio mzito zaidi, nao ni kwamba hapa tulipo mzunguko wa dunia hauna karibu athari yoyote juu ya maji yanayosafiri kwa mlalo. Vizingia vikubwa vya bahari, yaani mizunguko ya maji yenye upana wa makumi hadi mamia ya kilomita, huzaliwa pale mambo mawili yanapokutana: tofauti ya densiti kati ya maji ya upande mmoja na ya upande mwingine, na mzunguko wa dunia unaoyazuia maji hayo yasisawazike moja kwa moja. Tofauti ya densiti tunaweza kuipata kwa barafu. Mzunguko itabidi tuutengeneze wenyewe, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuutengeneza, kiasi kinachohitajika, na jinsi ya kuhakikisha kwamba ulichokiona ndicho ulichokikusudia.

Kwa nini maji yaliyotulia mezani hayatoshi

Athari ya mzunguko wa dunia juu ya mwendo wa mlalo hupimwa kwa kigezo cha Coriolis, ambacho huandikwa f = 2Ω sin φ. Hapo Ω ni kasi ya mzunguko wa dunia, radiani 0.0000729 kwa sekunde, na φ ni latitudo ya mahali. Kampala iko karibu latitudo 0.3 kaskazini, kwa hiyo f yake ni takriban 0.0000008 kwa sekunde. Namba hiyo huwa wazi zaidi ikigeuzwa kuwa muda: maji yaliyosukumwa na kuachwa yaende yenyewe, kama yangetii kani ya Coriolis (msukumo wa kando unaotokana na mzunguko wa dunia) peke yake, yangekamilisha duara moja kwa siku 90 hivi. Cape Town, iliyo latitudo 34 kusini, duara hilo huchukua saa 21 tu. Anayetaka wanafunzi waone mzunguko ukiyatawala maji katika kipindi kimoja cha darasa hawezi kuitegemea dunia. Ni lazima akizungushe chombo.

Wengi watauliza kuhusu Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, ambako wasafiri huonyeshwa maji yakitoka kwenye beseni kwa kuzunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari wa ikweta na upande mwingine kusini mwake. Ni vema mwalimu alieleze jambo hili bila kumdhalilisha mtu yeyote. Hatua chache kutoka kwenye ikweta kani ya Coriolis ni ndogo mno kuliko mwendo unaobaki ndani ya maji baada ya kumiminwa, na mwendo huo uliobaki ndio unaochagua upande. Athari ya dunia katika beseni ni ya kweli, lakini huonekana kwa masharti makali. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, akiwa latitudo 42 kaskazini ambako f ni kubwa zaidi ya mara 100 kuliko ya Kampala, alilazimika kuyaacha maji yatulie kwa saa 24 kabla ya kuzibua tundu, ndipo yakazunguka kinyume cha saa kama nadharia inavyotaka.

Ziwa Victoria nalo halitatusaidia kwa jambo hili. Ukichukua kwamba mawimbi ya ndani ya maji yaliyojipanga kwa tabaka husafiri karibu mita 0.4 kwa sekunde, na ukaigawanya kasi hiyo kwa f ya Kampala, unapata urefu wa kilomita 500, ilhali ziwa lenyewe halifiki kilomita 350 kutoka kaskazini hadi kusini. Maana ya urefu huo itaelezwa hapa chini. Kwa sasa itoshe kusema kwamba ziwa ni dogo mno, na liko karibu mno na ikweta, kuweza kuzaa vizingia kwa njia tunayoizungumzia.

Kinachotokea ndani ya maji

Fikiria chombo cha duara chenye maji ya kawaida, na katikati yake kopo lililojaa barafu. Maji yaliyo karibu na kopo hupoa, densiti yake huongezeka, na kama chombo hakizunguki yatashuka hadi chini, yatatambaa sakafuni kuelekea ukingoni, na maji yenye joto yatapita juu kwenda kuchukua nafasi yake. Huo ndio mzunguko wa kawaida wa kupinduka, na mwisho wake ni maji mazito kulala chini na mepesi kukaa juu.

Chombo kikizunguka, safari hiyo hukatizwa. Kila tone linaloanza kwenda ndani au nje husukumwa kando, na badala ya kuvuka kutoka ukingoni hadi katikati, maji huishia kukimbia kwa kulizunguka kopo. Kanieneo inayoyavuta upande mmoja husawazishwa na kani ya Coriolis inayoyavuta upande wa pili. Kwa kuwa maji ya katikati ni baridi na ya nje ni ya joto, usawa huo hudai kwamba mwendo wa juu uwe wa kasi zaidi kuliko wa chini, na kadiri tofauti ya joto ilivyo kali ndivyo tofauti ya kasi kati ya juu na chini ilivyo kubwa. Tabaka za joto hubaki zimeinama: zinapanda kuelekea kopo na kushuka kuelekea ukingo. Mwinamo huo ni nishati iliyowekwa akiba, kwa sababu maji mazito yameinuliwa mahali ambapo uzito wake peke yake usingeyaacha yakae.

Ukosefu wa uthabiti wa kibarokliniki ni njia ambayo akiba hiyo hufunguliwa licha ya mzunguko, na inafaa kuifuatilia kwa makini, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Chukua tone la maji ya joto na ulisogeze kuelekea katikati huku ukilipandisha kidogo, kwa mteremko mdogo kuliko ule wa tabaka za joto. Litajikuta liko chini ya tabaka lilikotoka, limezungukwa na maji baridi kuliko lenyewe. Kwa kuwa ni jepesi kuliko jirani zake, litaendelea kupanda bila kusukumwa. Tone la maji baridi likienda nje huku likishuka kwa mteremko huohuo litajikuta kati ya maji mepesi, nalo litaendelea kushuka. Lakini ukipandisha tone la joto kwa mteremko mkali kuliko wa tabaka, litaibukia kwenye maji ya joto zaidi na kurudi lilikotoka. Kwa hiyo kuna pembe nyembamba tu, kati ya mlalo na mwinamo wa tabaka, ambamo mwendo hujilisha wenyewe. Maji hayawezi kuitumia pembe hiyo yote kwa pamoja kulizunguka kopo, maana mzunguko ungeyazuia tena. Huitumia kwa kujipinda, huku mkono mmoja wa maji ya joto ukiingia ndani na mkono wa pili wa maji baridi ukitoka nje. Mkondo uliokuwa duara laini hugeuka kuwa wimbi, wimbi hukua, na ncha zake hujiviringisha zikawa vizingia.

Nadharia ya jambo hili ilijengwa na watu wawili, kila mmoja akifanya kazi peke yake: Jule Charney mwaka 1947 na Eric Eady mwaka 1949. Wote wawili walikuwa wakiwaza juu ya hali ya hewa, lakini hesabu zao zinaihusu bahari vilevile. Katika miaka ya 1950 Dave Fultz huko Chicago na Raymond Hide huko Cambridge walionyesha tabia hii kwa vyombo vya maji vinavyozunguka, na jaribio tunalolieleza hapa ni mtoto wa majaribio yao.

Kuunda meza inayozunguka

Idara ya sanaa ikiwa na gurudumu la mfinyanzi linaloweza kwenda polepole sana kwa mwendo usiobadilika, litumie. Mengi hukimbia mno, na njia ya uhakika zaidi ni gurudumu la baiskeli la mbele lisilo na tairi. Mpe fundi wa kuchomelea, wa Katwe au wa mji wowote ulio karibu nawe, aifunge ekseli yake kwa upande mmoja tu kwenye bamba la chuma, ili gurudumu lilale na lizunguke likitazama juu. Funga ubao wa plaiwudi juu ya rimu kwa waya unaopita kwenye matundu ya spoku. Maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 10 hivi, kwa hiyo beringi za habu ziwe nzima na zimepakwa grisi.

Kwa kuizungusha meza, mota ya waipa ya gari hufaa kuliko mota nyingine zote nilizozifikiria kwa kazi hii, kwa sababu ina gia ndani yake, ina nguvu, na kwa volti 12 huzunguka karibu mara 45 kwa dakika katika kasi yake ya chini. Zinapatikana kwa wauza vipuri, Kisekka Market ikiwa mahali pa kwanza pa kuulizia kwa walio Kampala. Weka kwenye mhimili wa mota puli yenye kipenyo cha sentimita 6, kisha zungusha kamba nyembamba isiyoteleza kutoka kwenye puli hadi kwenye mfereji wa rimu, mahali palipokuwa pakikaa tairi. Rimu ya kipenyo cha sentimita 56 itaipunguza kasi zaidi ya mara 9, na meza itazunguka karibu mara 5 kwa dakika. Kidhibiti kasi cha kielektroniki cha volti 12 kitakuwezesha kushuka zaidi, na puli kubwa yenye kipenyo cha sentimita 12 itakufikisha mara 10 hivi. Tumia betri ya gari au ya sola badala ya umeme wa ukutani. Umeme ukikatika katikati ya jaribio maji hupoteza mwendo wake wote na itabidi uanze upya. Isitoshe, si jambo la busara kuweka nyaya za volti 240 karibu na lita 10 za maji mbele ya wanafunzi.

Chombo cha maji kiwe cha duara, chenye sakafu bapa na ukuta ulionyooka kadiri inavyowezekana, chenye kipenyo cha sentimita 36 hivi. Cheupe kinafaa kwa kupiga picha kutoka juu; kinachopenya mwanga kinafaa zaidi kama utataka kutazama kwa ubavu. Katikati weka kopo la bati la maziwa ya unga lenye kipenyo cha sentimita 10, na ndani yake jiwe la kulizuia lisielee. Kopo la plastiki halifai, maana halipitishi ubaridi upesi. Mwisho, funga kwenye plaiwudi mkono wa mbao unaosimama na kupinda juu ya chombo, na ushikize simu yenye kamera ikitazama chini. Ni lazima kamera izunguke pamoja na meza. Mtu aliyesimama pembeni huona maji yanayozunguka tu; kamera iliyo juu ya meza huona kile ambacho mtu aliyeko duniani angekiona baharini. Weka uzito wa kusawazisha upande wa pili wa mkono huo.

Kazi ya mwisho katika uundaji ndiyo inayopuuzwa na ndiyo inayoharibu majaribio mengi zaidi. Weka pima maji juu ya ubao, uizungushe meza robo robo, na urekebishe miguu hadi kipovu kibaki katikati katika pande zote nne. Meza iliyoinama huyapeleka maji huku na huko mara moja kila mzunguko, na utaona mawimbi ambayo hayana uhusiano wowote na barafu.

Hesabu kabla ya kuwasha mota

Nakusihi usiruke sehemu hii. Tofauti kati ya onyesho la kupendeza na jaribio la sayansi iko hapa: mwanafunzi anatakiwa aseme ataona mawimbi mangapi kabla hajayaona.

Urefu unaotawala kila kitu ni nusukipenyo cha Rossby, yaani umbali ambao maji husafiri kabla mzunguko haujaanza kuyatawala, ambacho kwa chombo chetu tunaweza kukikadiria kwa kanuni L = √(g α ΔT H) ÷ f. Hapo g ni 9.8, α ni kiasi ambacho maji hutanuka kwa kila nyuzi moja ya joto (karibu 0.00023 kwa maji ya nyuzi 22), ΔT ni tofauti ya joto kati ya juu na chini, H ni kina cha maji kwa mita, na f sasa ni 2Ω ya meza, kwa sababu mhimili wa meza umesimama wima na hakuna sini ya kuzidisha. Nadharia ya Eady inasema kwamba wimbi linalokua upesi kuliko mengine yote lina urefu wa karibu mara 3.9 ya L.

Tuseme kina ni sentimita 10 na tofauti ya joto ni nyuzi 5. Thamani iliyo juu ya mstari wa kugawanya ni mita 0.034 kwa sekunde. Meza ikizunguka mara 5 kwa dakika, f ni 1.05, L ni sentimita 3.2, na wimbi linalopendelewa lina urefu wa sentimita 12.5. Duara linalopita katikati ya nafasi iliyopo kati ya kopo na ukuta lina mzingo wa sentimita 72, kwa hiyo tarajia mawimbi 5 au 6. Meza ikizunguka mara 10, urefu wa wimbi hupungua nusu na idadi hukaribia 11, lakini kwa idadi hiyo hutaona duara la mawimbi yaliyopangika. Utaona vizingia vidogo vinavyogongana na kuvunjana. Meza ikizunguka mara 1 tu kwa dakika, wimbi lingehitaji sentimita 63, na nafasi tuliyo nayo kati ya kopo na ukuta ni sentimita 13. Halitoshei, kwa hiyo halitakua. Hii ndiyo sababu nililitaja Ziwa Victoria mapema: kilomita 500 ilikuwa L yake, na ziwa ni nafasi ambayo wimbi haliwezi kutoshea.

Kasi ya kukua nayo inaweza kukadiriwa, kwa kuzidisha 0.31 kwa tofauti ya kasi ya maji kati ya juu na chini, kisha kugawanya kwa L. Kwa mizunguko 5 kwa dakika tofauti hiyo ni milimita 8 hivi kwa sekunde, na wimbi huongezeka karibu mara 2.7 kila baada ya sekunde 12, yaani kila mzunguko mmoja wa meza. Msuguano wa sakafu utalichelewesha kiasi, lakini usipoona chochote baada ya dakika 10, jua kuna kasoro mahali fulani.

Kuliendesha jaribio

Yajaze maji usiku uliotangulia ili yafanane na joto la chumba. Asubuhi weka kopo tupu na jiwe lake katikati kabisa, washa mota, na subiri. Maji hayaanzi kuzunguka na chombo papo hapo. Huvutwa na msuguano wa sakafu, na muda wake hukadiriwa kwa kugawanya kina kwa kipeuo cha pili cha mnato wa maji uliozidishwa kwa Ω. Kwa mizunguko 5 kwa dakika muda huo ni sekunde 140 hivi, na unapaswa kungoja angalau mara 5 ya hapo, yaani dakika 12. Kwa mzunguko 1 kwa dakika muda ni sekunde 310, kwa hiyo ngoja karibu nusu saa; meza ya polepole hudai uvumilivu mwingi zaidi, kinyume na wanavyodhani wengi. Ili kuhakikisha, mwagia juu ya maji vipande vidogo vya karatasi vinavyotoka kwenye mashine ya kutobolea. Katika picha ya simu vinapaswa kukaa palepale.

Kabla ya kuweka barafu, fanya jambo moja ambalo darasa halitalisahau. Dondosha punje moja ya pamanganeti ya potasiamu, ambayo maabara za shule huwa nayo. Punje inazama ikiacha nyuma yake uzi wa zambarau kutoka juu hadi chini. Katika maji yanayozunguka kwa umoja, uzi huo unasimama wima na haupotoki, kwa sababu maji yote, ya juu na ya chini, yanatembea kama mwili mmoja. Sasa, bila kusimamisha meza, jaza kopo barafu iliyopondwa na uongeze maji kidogo ndani yake ili barafu iguse bati pande zote. Ngoja dakika 3 au 4, kisha udondoshe punje nyingine, sentimita 4 hivi kutoka kwenye kopo. Uzi huu wa pili hausimami. Sehemu yake ya juu inakimbilia mbele kuelekea upande ambao meza inazungukia, sehemu ya chini inabaki nyuma, na baada ya nusu dakika umelala kama mstari mrefu uliopinda kulizunguka kopo. Ile tofauti ya kasi kati ya juu na chini, ambayo ubaoni ni alama tu, iko mbele ya macho yao kwa rangi ya zambarau, na wanaweza kuipima kwa rula na saa.

Hapo ndipo pa kuweka rangi ya chakula: matone machache ya buluu karibu na kopo, na mekundu karibu na ukuta, yakiwekwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ncha ikigusa maji tu. Mwanzoni pete mbili za rangi zitazunguka bila kuchanganyika. Kisha pete ya buluu itaanza kupoteza uduara wake, itatoa ndimi, na kati ya ndimi hizo nyekundu itaingia ndani. Waache wanafunzi wahesabu ndimi na kulinganisha na namba waliyoiandika. Ikitofautiana kwa moja au mbili si kosa, maana ΔT ya kweli haikuwa nyuzi 5 kamili. Wapime kwa kipimajoto karibu na sakafu na karibu na uso wa maji, warudie hesabu, na waone kama tofauti inapungua.

Fanya majaribio matatu kwa mpangilio huu: mzunguko 1 kwa dakika, mizunguko 5, kisha mizunguko 10. Katika la kwanza rangi ya buluu itatandaa chini kwa duara lililo karibu kamili, na hilo ni tokeo lenye thamani sawa na yale mengine. Mwanafunzi aliyeona maji, barafu na kopo vilevile vikikataa kutoa vizingia anaelewa kwamba barafu peke yake haitoshi.

Yanapokwenda kombo

Kama wimbi ni moja tu na liko daima upande uleule wa chumba, meza imeinama. Kama liko daima upande uleule wa chombo, kopo haliko katikati. Kama mikunjo midogo inatetemeka juu ya maji yote, kamba inateleza au mota inashtuka. Kaza kamba, na uweke kipande cha sponji chini ya mota. Upepo wa dirisha au wa feni unatosha kuziburura karatasi za juu na kuwadanganya wanaopima, hivyo funika chombo kwa plastiki inayopenya mwanga, ukiacha tundu la kutilia rangi. Jua likiangaza upande mmoja wa chombo huongeza tofauti ya joto ambayo hukuikusudia. Rangi nyingi kupita kiasi huongeza densiti ya maji na kuzama, na kuanzia hapo unatazama tabia ya rangi, si ya maji.

Kutoka chomboni hadi baharini

Chombo chenye baridi katikati kinafanana hasa na Bahari ya Kusini inayolizunguka bara la Antaktika, ambako hakuna nchi kavu ya kuukatiza mkondo unaokwenda mashariki. Huko, kama kwetu mezani, maji hayawezi kuvuka moja kwa moja kuelekea kwenye baridi, na vizingia hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupeleka joto kusini. Ukitaka ufanano uwe kamili, zungusha meza kwa mwelekeo wa saa, maana ndivyo dunia inavyoonekana ikizunguka kwa anayeitazama kutoka juu ya Ncha ya Kusini. Kwa bahari za kaskazini, zungusha kinyume cha saa.

Nusukipenyo cha Rossby baharini hubadilika sana kwa latitudo: zaidi ya kilomita 200 karibu na ikweta, makumi machache katikati, na chini ya kilomita 10 kuelekea ncha za dunia. Kwa mkondo ambao tofauti ya kasi kati ya juu na chini ni mita 0.1 kwa sekunde, na L ni kilomita 30, kanuni ileile ya ukuaji hutoa siku 11 mahali ambapo meza yetu ilitoa sekunde 12. Kwa bahari iliyo karibu nasi zaidi, Mlango wa Msumbiji hupitisha vizingia vyenye kipenyo cha karibu kilomita 300 vinavyoelekea kusini. Si vyote vinavyozaliwa kwa njia ya kibarokliniki peke yake. Umbo la pwani na kasi ya mikondo ya pembeni navyo vina mchango, na ni haki mwalimu aliseme hilo.

Vizingia hivi huonekana kutoka angani kwa sababu hupandisha au kushusha uso wa bahari kwa makumi ya sentimita. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyorushwa mwaka 1992, iliwezesha kuvifuatilia kwa miaka mfululizo, na ile ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, hupima ukanda wenye upana wa kilomita 120 badala ya mstari mmoja chini yake. Ramani za kimo cha bahari hupatikana bila malipo katika huduma ya Ulaya ya Copernicus. Chagua ramani ya Bahari ya Kusini na nyingine ya Mlango wa Msumbiji, wape wanafunzi rula wapime vipenyo vya vizingia kadhaa katika kila moja, na wavigawanye kwa nusukipenyo cha Rossby cha latitudo husika. Wafanye hivyohivyo kwa picha za simu kutoka mezani, wakitumia L waliyoikokotoa kwa ΔT waliyoipima, kisha waziandike namba zote tatu ubaoni mstari mmoja.